Nilimuficha shahidi kwangu, na sasa watu wa mushitakiwa wanajua

Admin, tafazali ficha jina yangu. Nimegeuza mambo kidogo ili nisijulikane, lakini ile inaniuma ni kweli tupu.

Niko mwanamuke wa miaka 39, nimeolewa, niko na watoto, naishi hapa Bukavu. Kazi yangu ni magistrat wa parquet. Kwa wale hawajue: sisi ndio tunafanya uchunguzi kwa jina ya Serikali, na mbele ya majaji ni sisi tunashitaki. Nimeshika dosye za mauaji na za watu wa silaha, vitisho nilizoea. Lakini hii moja imeniingilia mpaka ndani ya nyumba.

Mufanyabiashara mumoja wa zahabu alitoka Shabunda, ndege ikamushusha Kavumu. Wakati anakuja mujini, gari yake ilisimamishwa mu njia, wakamuua yeye na shofere, muchana, watu wanaona. Tulipofika kuuliza, kila mutu wa pale alisema hakuona kitu. Isipokuwa mama mumoja mujane, anauzishaka matunda ya avoka kandokando ya njia. Nitamuita Maman Vumilia.

"Nilimuona patron mwenyewe anashuka mu jeep," aliniambia. "Anazoeaka kununua matunda kwangu, sura yake naijua. Alionyesha kidole tu, wale wengine wakapiga masasi."

Huyo patron, tajiri mumoja wa hapa Bukavu, ni mutu mukubwa. Kanisani anakaa viti vya mbele, mapadri wanamusalimia kwa mikono mbili. Tulimukamata juu ya neno ya ule mama. Na mimi nilimuambia mama: "Usiogope. L'État, Serikali yote, iko nyuma yako."

Haikupita muda, motard, watu wa pikipiki wasiojulikana, wakaanza kupita pale anauzishia, wanauliza watoto wake wanasoma wapi. Kisha wakachoma kibanda chake. Siku ile alifika mu biro yangu na mutoto mugongoni, nguo zinanuka moshi. Hakulia. Aliniambia tu: "Madame, ulisema l'État iko nyuma yangu. Niligeuka nyuma, sikuone mutu."

Niliomba mukubwa wangu atafute namna ya kumulinda. Akajibu kama njia za kumulinda haziko, nimuambie ahamie kwa ndugu zake. Ndugu gani? Basi nikamupeleka kwangu, yeye na watoto wake. Bwana yangu ni mwalimu, mutu mupole. Nilimudanganya kama ni binamu ya mama yangu, ametoka Walungu juu ya vita ya mashamba. Alimupokea muzuri, hata akawa anafundisha watoto wake kusoma pamoja na wa kwetu.

Najua nilichofanya. Magistrat hawezi kulaza shahidi wa dosye yake mu nyumba. Avoka, ni kusema mwanasheria wa mushitakiwa, akijua, atasema nilimufundisha maneno ya kusema, wataniondosha mu dosye, na ushuhuda unaweza kuanguka wote.

Siku ya Mungu iliyopita, mu misa, wakati wa kupeana amani, muke ya ule patron aliacha kiti chake ya mbele, akakuja mpaka kwetu. Akanishika mukono, anacheka. "Amani ya Kristu, maman. Na mugeni wenu, anaendelea? Mumuchunge muzuri, Bukavu iko na baridi."

Akarudia kiti chake. Bwana yangu alisikia yote. Tulifika nyumbani, akafunga mulango ya chumba.

"Huyu mama ni nani?"

Nikamueleza. Alikaa kitandani, akashika kichwa. "Uliniachia watoto wangu wakule sahani moja na kifo, na hukuniambia? Miye mutu gani kwako?"  Amepanga nguo za watoto, anasema ule mama asipoondoka, yeye na watoto wanaenda kwa mama yake.

Kesho yake, avoka wa patron alinikuta mu couloir ya tribunal, inje ya chumba ya majaji. Mutu tulisoma naye chuo. Alisema polepole, anaangalia viatu vyake: "Madame le substitut, ile mambo ya mugeni wako sisi tunaweza kuisahau. Wewe pia mu audience, siku ya kesi, usikaze sana. Kila mutu arudie kwake." Alinipiga kidogo ku bega, akaenda.

Audience ni wiki hii. Nikienda kwa mukubwa kusema kweli, naweza kupoteza kazi, dosye inaenda kwa mwenzangu mumoja, na mwenzangu huyo nilimuona anakula meza moja na ndugu za patron. Nikinyamaza, wananishika shingo maisha yote, na mujane wa ule shofere, anayekuja kila mara mu biro yangu kuuliza kesi imefika wapi, nitamuangalia na macho gani? Nikimuvusha Maman Vumilia mupaka akaishi mbali, yeye anapona, lakini muuaji anatoka huru.

Leo asubuhi nilimukuta jikoni anachagua mboga za lenga-lenga. Nikamueleza yote, sikumuficha kitu. Akaendelea na kazi yake, kisha akasema: "Miye kusema nitasema, hata mbele ya patron mwenyewe. Uniambie tu jambo moja, maman. Nikiisha kusema, miye na watoto tutarudia wapi?"

Nilimuambia nitamujibu jioni. Nilitoka, nikaenda kazini bila kunywa hata chai. Bado ananingojea.

Ndugu zangu, msinitukane, mnishauri. Mungekuwa pahali pangu, jioni hii mungemujibu nini?