Maji ya Pipa la Mwalimu

Fundi Shija alipoipindua rejeta ya zamani juu ya beseni bovu, kilichotangulia kutoka ni harufu. Ilikuwa harufu ya kutu, majani yaliyooza na tope la ziwa, lile la kwenye mawe ya Igogo tulikokuwa tunafulia. Sijui kama kweli tope la miaka zaidi ya thelathini linaweza kubaki ndani ya vijibomba vyembamba vile, au ni pua yangu tu yenye hatia iliyosikia ilichokuwa inakitafuta. Nilikohoa kikohozi cha uongo, nikatoka nje ya gereji, nikasimama kando ya barabara ya Musoma nikijifanya napokea simu.

Rejeta ile ilikuwa ya Pijo la baba. Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kana kwamba walimu wengine walikuwa wanajaribu tu. Gari lake lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na viti vyake vya plastiki viliyaunguza mapaja yetu kila mchana. Lilikuwa la baba kwa kadi tu. Kwa kazi lilikuwa la mtaa. Lilikimbiza wajawazito hospitali, lilibeba maharusi, na siku moja lilimbeba mbuzi kwenye kiti cha mbele kwa sababu nyuma walikuwa wamekaa mabibi watatu waliokataa katakata kusogea.

Baba alikuwa na dini mbili: ya Kanisa na ya maji ya mvua. Chini ya mfereji wa bati letu lilikaa pipa lenye mfuniko, na maji yake yalikuwa ya rejeta peke yake. Maji ya bomba yana chumvi, alisema, na maji ya ziwa yana kila kitu alichokiumba Mungu. Alitueleza hivyo akiwa amenyoosha kidole juu, sauti ikiwa ya darasani, hata kama msikilizaji alikuwa mimi na kuku wawili. Mimi, Minza, binti yake wa mwisho, ndiye niliyepewa kazi ya kulinywesha gari. Kila Jumamosi asubuhi nilichota jagi moja, nikalichuja kwa kitambaa cheupe, nikalimimina polepole yeye akiwa amesimama pembeni na kikombe chake cha uji. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kama kile tangu hapo.

Sasa nikwambie, msomaji wangu, kitu ambacho baba alikifundisha vizuri kupita kiasi. Alitueleza kwamba maji ya mvua hutoa povu jingi kwa sabuni kidogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na sare yangu ya shule niliifua mwenyewe. Sketi ile ya buluu ilikuwa nzito kama gunia lililolowa. Siku moja mama akiwa sokoni nikaiba jagi moja la pipa, nikafulia. Jamani, povu lile! Uchafu ulitoka wenyewe kama umeitwa kwa jina. Wiki iliyofuata niliiba ndoo. Baadaye nikawa nafua hata visivyokuwa vichafu, halafu napuliza mapovu kupitia bua la mpapai mpaka yanapita juu ya ukuta wa jirani. Kiangazi kikashika. Asubuhi moja nilitumbukiza jagi likagonga chini, likalia kama kengele.

Nilichofanya mnakijua. Nilishuka ziwani na ndoo, nikapanda nayo, nikashuka tena, safari sita. Njia ilipita mbele ya gereji ya Fundi Shija, rafiki wa baba, mtu mrefu mwenye kovu kidevuni, ambaye ndiye peke yake aliyeruhusiwa kufungua boneti la Pijo. Aliniona ninavyohema.

"Minza, bomba la kwenu limekatika?"

"Ndiyo, baba."

"Pole, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, akarudi chini ya gari la watu.

Maji yale yalikuwa na ukijani, na vitu vidogo ndani yake vilikuwa vinaogelea vikiwa na shughuli zao. Niliyamimina kwenye pipa nikafunika. Kitambaa cheupe nikaacha kukitumia, maana kingenisema. Nilimwambia baba kwamba nimeshayachuja tangu jikoni, naye akaniamini. Mwezi mzima nililinywesha gari la baba ziwa.

Mwezi huohuo gasketi ya injini ikahitaji kubadilishwa. Baba akanunua mpya, akampa Fundi Shija mkononi. Kazi ilipokwisha, Fundi alilisukuma gari na wenzake kutoka gerejini mpaka uani kwetu, rejeta ikiwa tupu, kwa sababu Mwalimu hakuruhusu maji ya mtu mwingine yaingie humo. Watu walicheka njia nzima kuona gari zima linasukumwa kama mgonjwa. Baba akasema, "Minza, lijaze." Nikalijaza mpaka shingoni. Wote wawili walinitazama kwa upole, nami nilitabasamu.

Jumamosi iliyofuata Pijo lilipambwa maua kumpeleka bibi harusi, binti wa mkuu wa shule ya baba. Mimi nilibanwa kiti cha nyuma na wapambe. Tulikuwa hatujafika Kisesa lilipochemsha. Mvuke uliruka kutoka kwenye boneti, baba akapiga ishara ya msalaba na breki kwa pamoja. Bibi harusi alikalishwa juu ya jiwe, shela mapajani, akina mama wakamwimbia ili asilie, naye akalia kwa kufuata mdundo. Mwishowe alipandishwa kwenye lori la pamba. Aliingia kanisani na manyoya ya pamba yamejaa kwenye shela, na kwa bahati yake hakuna aliyeweza kutofautisha. Leo tukikumbushana tunacheka. Siku ile baba hakucheka. Mkuu wake wa shule alimwambia mbele za watu, "Mwalimu, ungesema tu kwamba huna gari."

Jumatatu jioni alinichukua tukaenda gerejini. Sijui kwa nini alinichukua. Pale mbele palikuwa na mama muuza chai, na wenye teksi wa Igogo walikaa hapo kila jioni.

"Nilikupa gasketi mpya mkononi," baba akasema kwa ile sauti ya darasani. "Umeiuza, Shija. Umenirudishia mzoga."

Vikombe vilitulia. Fundi Shija alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mwalimu, tufungue rejeta kwanza. Tuone maji."

"Maji yangu usiyaguse! Wewe ni mwizi, na leo watu wajue."

Fundi akanitazama. Siyo kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite. Nilikuwa na mdomo, wenzangu, na maneno yalikuwamo: ni mimi, ni maji ya ziwa. Nikashika mkono wa baba, nikamwambia nina njaa.

Fundi akiitwa mwizi wa vipuri, amekwisha. Wenye teksi waliondoa magari yao mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake cha heshima. Mvua za kwanza zilipoanza gereji ilikuwa imefungwa, na familia ile imehamia Igoma, ambako wakati ule kulikuwa na mashamba kuliko watu. Binti yake, niliyekaa naye dawati moja, aliniachia rula yake. Niliitumia mpaka ikakatika.

Siku mbili tu baada ya ugomvi ule, baba alirudi mapema kutoka shule, akaifungua rejeta mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya pazia la sebuleni. Aliipindua, yakatoka maji ya kijani, nyuzi za magugu, tope, na kitu kidogo ambacho alikiokota akakiweka kiganjani. Kilikuwa konokono wa ziwani, gamba lake halifikii punje ya hindi. Alilitazama pipa. Alikwenda akafunua mfuniko, akachovya vidole, akanusa. Kisha akaitazama nyumba, dirisha lile lile nilipojificha, kwa muda mrefu mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Nilisubiri kuitwa. Sikuitwa. Aliiosha rejeta, akalimwaga pipa, na kesho yake akaweka kufuli kwenye mfuniko. Hakunituma tena kulinywesha gari, na hakusema kwa nini. Na kwa Fundi Shija hakwenda. Mimi usiku ule nilisali kwa furaha, nikamshukuru Mungu kwamba nimepona.

Baba alifariki mwaka jana nyumbani kwake Buswelu, alikohamia baada ya kustaafu, akazikwa pale pale uani. Kikao cha ukoo kilinipa mimi Pijo. Kaka yangu mkubwa alisimama akasema kwamba ni haki, kwa sababu Minza ndiye aliyelitunza gari la Mwalimu tangu akiwa mdogo, na wazee wakaitikia. Nilitamani ardhi inimeze. Niliamua nilifufue kwa ajili ya misa ya mwaka mmoja: injini nyingine, feni ya umeme, mikanda ya viti, usukani usiohitaji misuli. Kaka zangu walibisha kwamba nikilibadilisha hivyo halitakuwa tena la baba. Niliwajibu kwamba viti na honi vitabaki. Sikuwaambia kwamba nilitaka lifunguliwe na mikono ya mtu mmoja tu.

Nililipeleka Igoma kwa kuvutwa, nikamkuta, mzee sasa, gereji ndogo, kovu limezama kwenye mikunjo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Minza," akasema, kabla sijajitambulisha. "Bomba la kwenu lilishatengenezwa?"

Nililia pale pale, mtu mzima na mkoba wangu. Nikamweleza pipa, povu, ndoo sita. Alisikiliza akiwa anachagua spana.

"Nilijua waliponiambia mvuke ulinuka ziwa, nikakumbuka ndoo zako," akasema. "Nikasema mtoto atasema mwenyewe. Nikasubiri wiki ile. Nikasubiri mwaka. Baadaye nikachoka kusubiri, nikafanya kazi."

"Nisamehe, baba."

"Gari nitatengeneza. Lakini Mwalimu hakunisema chumbani. Usiniombe msamaha hapa, mimi na wewe na matairi. Utasema mbele za watu." Kisha akaiweka spana chini. "Niambie kitu kimoja. Alikufa akiamini mimi ni mwizi?"

Swali lile lilikuwa na majibu mawili, na yote mawili yalikuwa mabaya. Nilimwona baba uani, konokono kiganjani.

"Hakujua," nikasema. "Mpaka anakufa hakujua."

Hapo ndipo alipoifungua ile rejeta akaipindua kwenye beseni, nami nikatoka nje kukohoa.

Siku ya misa Pijo liliingia uani Buswelu likinguruma taratibu, jipya ndani, kwa nje lile lile la baba. Watu wa Igogo wa zamani walikuwepo, hata wawili wa wale wenye teksi. Fundi Shija alikaa mstari wa mbele na suti ya kahawia. Baada ya chakula nilishika kipaza sauti. Nilisema yote kuhusu mimi: sabuni, ziwa, uongo, harusi. Nilisema kwamba mtu huyu hakuiba chochote maishani mwake. Sauti yangu haikukatika mpaka nilipofika kwenye sentensi niliyokuwa nimeshaianza gerejini, nikaimalizia mbele ya kaburi: kwamba Mwalimu angejua, angekwenda kwa miguu mpaka Igoma kumwomba radhi rafiki yake.

Watu walipiga makofi. Kina mama walipiga vigelegele. Fundi Shija alisimama, akavua kofia, akaligeukia kaburi.

"Mwalimu, miaka yote hii nilikuwa na neno na wewe," akasema. "Kumbe ulikuwa hujui. Basi, imekwisha. Lala."

Alilia waziwazi, na wenye teksi wawili wakaja kumshika mkono. Nililitazama kaburi la baba nikaona aibu kwa ajili yetu sote wawili.

Utotoni niliamini kwamba baba alinyamaza ili kunilinda, na kwa miaka mingi niliuita upendo. Nilipokuwa mtu mzima na watoto wangu niliongeza neno kiburi. Lakini sikuelewa kabisa mpaka niliposhika kile kipaza sauti: kwamba pale uani, na konokono kiganjani, alikuwa amesimama kati ya jina la mtu wa nyumbani kwake na jina la mtu mwingine, na kweli alikuwa nayo mkononi, ndogo, nyepesi, na bado ikamshinda kuibeba mpaka gerejini. Nanyi nimewaambia kwa sababu hamkuwepo pale. Fundi Shija bado hajui. Nikipita Igoma hunisimamisha, hufungua boneti mwenyewe, huuliza kama gari linachemsha, na hunisalimia kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo.

Siku ile ya misa, wageni walipokuwa wanaondoka, yule mama muuza chai wa Igogo, mzee sasa wa kushikwa mkono, alinikumbatia akanishika mashavu. "Umemuenzi mzee," akaniambia. "Yaani wewe ni Mwalimu mwenyewe, hujapungua hata kidogo." Nikamwitikia, "Asante, mama," maana alikuwa amesema kweli.