Maneno Manane ya Mzee Mbishi

Siku yangu ya kwanza kazini Mhariri hakunipa hata kiti. Alinipa karatasi yenye picha za katuni zisizo na maneno, akauliza, "Wewe kwenu Karagwe, siyo? Kijiji cha Ndama?" Nikasema ndiyo, shikamoo. Akasema, "Basi utatufaa. Hawa watu wa migombani wakisema kwenye vitabu vyetu hawachekeshi."

Ndivyo nilivyoanza kuandika maneno ya vitabu vya katuni, vile vyembamba vya kuelimisha wakulima, vinavyogawiwa bure zahanati na minadani. Ninyi wa leo mnagusa kioo cha simu, herufi zinajipanga zenyewe. Sisi tuliandika kwa mkono, kwa wino mweusi, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Maneno hukaa ndani ya kiputo, lile duara jeupe kichwani pa mtu, na kiputo kina mkia unaoelekea mdomoni mwa msemaji. Ukikosea mkia, maneno ya huyu yanakuwa ya yule.

Sheria ya ofisi haikuandikwa popote, ila kila mtu aliijua. Bwana shamba, nesi na mwalimu walisema Kiswahili sanifu. Mkulima alisema Kiswahili kilichovunjika, macho yamemtoka, na alama tatu za mshangao. Nami nilikuwa fundi wa kukivunja, tena fundi haswa. Nilisifiwa kwa hilo kwa miaka.

Mnyauko wa migomba ulipoingia, tukaagizwa kitabu cha kuwaambia watu wang'oe migomba iliyougua. Mjinga wa hadithi tulimwita Mzee Mbishi, na nilikosa cha kumwekea mdomoni. Mwisho wa juma nikaenda nyumbani. Nikamkuta bwana shamba kibanjani kwetu, shamba letu la migomba, majirani wamesimama, anamsihi baba akate. Baba Kiswahili alikipata ukubwani, kwa wanunuzi wa kahawa. Alishika mgomba kwa mkono mmoja, akasema, "Mugomba hii ilinisomesha mutoto. Mimi nakata namna gani?"

Mtoto mwenyewe ndiye mimi. Na kesho yake asubuhi baba alikata migomba yote iliyougua, peke yake, bila kusukumwa. Hilo sikuliandika. Nilichukua ile kauli yake, maneno manane, inaenea vizuri kwenye kiputo, nikaongeza alama zangu tatu. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. "Koku, hapa umeua!" Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Kabla ya kupiga chapa tulifanya majaribio, yaani kuwasomea watu kitabu na kuwatazama nyuso. Mratibu wa mradi akanituma Nkwenda siku ya soko. Watu walivunjika mbavu. Mama mmoja muuza maharage, aliyetokea Songambele, hakucheka. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mjinga ndiye anayeongea kama sisi?" Niliandika swali lake kwenye ripoti. Mratibu akalipiga mstari mwekundu. "Wamecheka, maana yake wameelewa. Kipelekeni kiwandani." Ningeweza kubisha, nikakipeleka, maana wakati ule nilikuwa natazamia kupandishwa cheo.

Kitabu kilinitangulia Ndama. Majirani walijua mara moja maneno yale ni ya nani. Baba akawa Mzee Mbishi kwenye pombe ya rubisi, njiani, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Halafu ukaitishwa mkutano wa kijiji. Wafugaji na wakulima walikuwa wakivutana juu ya njia ya ng'ombe kwenda mtoni, na baba ndiye pekee aliyebaki hai aliyejua njia ya zamani ilipita wapi. Ilikuwa ikizunguka nje ya kibanja chetu. Mtendaji wa kijiji, mgeni kutoka mbali, alimwomba asimame aeleze. Baba akasimama, akakohoa, akafungua mdomo. Mtu nyuma akawahi: "Mugomba hii ilinisomesha mutoto!" Watu wakaangua kicheko. Baba akaketi.

Mimi nilikuwepo, upande wa wanawake. Sikusimama. Njia ikapimwa katikati ya migomba yetu, ileile aliyoipanda upya baada ya mnyauko. Jioni nikamuuliza, "Tata, kwa nini hukusema?" Akajibu kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, "Walikuwa wananitazama mdomo."

Tangu siku hiyo hajasema Kiswahili na mgeni. Mimi niliendelea na kazi, jamani, nifanyeje, nilikuwa na watoto wa kulisha. Niliacha kuwavunjia wakulima maneno, Mhariri mwingine akaja, akasema nimeishiwa utani. Nikastaafu na cheti kilichoandikwa vizuri. Nimechoka, wajukuu zangu. Nimerudi Ndama, na kila asubuhi naamshwa na ng'ombe wakipita dirishani. Wachungaji wana adabu, wananiamkia, nami naitikia marahaba. Wao hawana kosa.

Juzi Mtendaji mpya alikuja na fomu ya kuandikisha wazee. Kijana mpole, alimwamkia baba vizuri, akachuchumaa mbele yake. "Babu, jina lako kamili nani?"

Baba analijua jina lake. Alimtazama, midomo ikacheza kidogo, kisha akanigeukia. "Mwambie wewe, Koku," akasema kwa Kinyambo. "Kunisemea si ndiyo kazi yako?"

Nikalitaja jina la baba yangu, taratibu, kijana akaandika.