Moja Si Namba Tasa

Nilivuka mpaka kutoka Busia ya Kenya kwenda kufundisha Kiswahili katika shule moja ya msingi huko Dabani, upande wa Uganda. Kiswahili ndicho nilichosomea. Hesabu nilizikimbia tangu utotoni, na nilidhani tumeshaachana, hadi mwalimu wa hesabu wa darasa la sita alipojifungua na mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Utamshikia vipindi vyake kwa muda," aliniambia. "Ni vigawo, vigawe na namba tasa tu. Kitabu hiki hapa."

Sikuthubutu kukataa. Nilikariri kitabu, nikaingia darasani nimekaza uso ili nisiulizwe maswali. Wiki ya pili nikawapa jaribio: waandike namba tasa zote kutoka moja hadi sitini. Nilisahihisha harakaharaka. Aliyeacha moja nilimwekea kosa. Aliyeacha hamsini na moja, vilevile.

Niliporudisha karatasi, msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele akasimama.

"Madam, mbona hii moja umenikosesha? Kitabu kinaanzia mbili."

"Namba tasa inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe," nikasema. "Moja inagawanyika kwa moja. Kitabu kimekosea. Keti."

Aliketi. Hakununa wala hakubisha. Aliikunja karatasi yake mara nne, polepole, akaitia mfukoni. Afadhali angebisha.

Jumamosi nilipanda boda boda hadi Nagongera, nyumbani kwa yule mwalimu aliyejifungua. Nilimkuta ukumbini anachambua maharagwe, mtoto amelala mapajani.

"Dada yangu, unakuja na jua hii yote kwa nini?"

Shuleni ningemsahihisha: jua hili. Siku hiyo sikuwa na mdomo huo. Nilimweleza yote, hata lile la kitabu kukosea, nikangoja anicheke. Hakucheka. Alimkabidhi mama mkwe wake mtoto, akahesabu maharagwe kumi na mawili, akayaweka mkekani.

"Panga mistari sawasawa. Kila njia unaweza."

Nikapanga mistari miwili ya sita, mitatu ya nne, kisha mmoja mrefu wa yote.

"Moja, mbili, tatu, nne, sita, kumi na mbili. Hizo ni vigawo zake, zinaisha. Sasa ongeza kumi na mbili ingine, na ingine. Ishirini na nne, thelathini na sita... Hizo ni vigawe. Utaongeza mpaka utachoka."

Akanipa saba. Nikayapanga huku na huku. Kila nilipojaribu mistari miwili au mitatu, mmoja ulipungukiwa. Ulitoka mstari mmoja tu.

"Hiyo ni tasa. Iko na vigawo mbili kamili: moja na saba. Haya, weka harage moja. Vigawo ngapi?"

Nililitazama lile harage. "Kimoja."

"Na tasa inataka ngapi?"

"Viwili." Nikajishika kichwa. "Kumbe!"

Hamsini na moja niliyahesabu mwenyewe. Mistari mitatu, kila mmoja maharagwe kumi na saba, na halikubaki hata moja. Nilicheka mpaka mtoto akashtuka akaanza kulia, na mama mkwe akauliza kwa Kidhopadhola mgeni ana nini. Miaka yote nilidhani kichwa changu ndicho kibovu. Kumbe hakuna aliyewahi kunikalisha chini.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa.

"Kitabu hakikukosea," niliwaambia. "Nilikosea mimi. Leteni karatasi zenu."

Wakaja mbio wakisukumana. Yule msichana aliikunjua yake, nikaifuta ile alama nyekundu, akatabasamu hadi ufizi ukaonekana. Tukashinda kipindi kizima tukipanga punje za mahindi sakafuni.

Kabla ya kengele yule msichana akanyoosha mkono. "Madam, na namba tasa zinaisha?"

"Sijui," nikasema. "Nitauliza, kesho nitawaambia."

Hakuna aliyecheka. Mabega yangu yalishuka kana kwamba nimetua mtungi. Mwenzangu alinijibu kwa simu kwamba haziishi kamwe, nami nikawapelekea jibu hilo.

Aliporudi kazini nilimkabidhi darasa lake, kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba hesabu za darasa la nne. Ninazifundisha hadi leo.