Uso Uliochelewa

Siku skrini kubwa ilipotundikwa ukumbini, sikujua nimtazame nani. Mbele yangu alikuwepo Mwanakombo, mke wangu wa kwenye igizo, mwanamke mfupi aliyejifunga kanga kiunoni. Nyuma yake alikuwepo Mwanakombo mwingine, amejaa ukuta mzima, pua yake pekee inanizidi kimo. Nikamwambia yule mdogo, "Mke wangu, shamba nitaliuza." Yule mdogo akashika kichwa. Yule mkubwa akakishika baadaye kidogo, kama mtu aliyepelekewa habari na tarishi. Nikasahau maneno yangu yote.

Mimi ni karani wa bandarini hapa Mtwara, mtu wa kuja. Jioni naigiza na kikundi chetu kwa sababu mke wangu wa kweli amechoka kunisikia nikifoka nyumbani. Mwongozaji wetu ni Mwalimu Lucy. Yeye ndiye aliyeona maigizo ya skrini kubwa huko Dar es Salaam, akarudi nayo kichwani, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Tulikuwa na pazia letu lililochorwa mikorosho, pazia zuri tu, lina kiraka pembeni. Likakunjwa. Akakodiwa Fredi, anayefunga skrini kwenye harusi na mechi, aje nayo siku ya mazoezi na siku ya onyesho. Nilipouliza inatusaidia nini, Mwalimu Lucy akanijibu kuwa watu wa viti vya nyuma nao wana haki ya kuona machozi.

Fredi alisimamisha simu yake juu ya stendi ya miguu mitatu mbele ya jukwaa, ikawa inamchukua Mwanakombo usoni na kurusha picha hewani hadi kwenye skrini. Ndiyo maana picha ilichelewa. Sauti inapita, ndipo mdomo unafunguka. Fredi alisema ni kawaida. Mimi nilisema ni uchawi.

Lakini aliyenishangaza ni Mwanakombo. Huyu analima mihogo na mikorosho upande wa Nanyamba, na sijawahi kumwona akibabaishwa na kitu. Akichekeshwa hucheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo alikuwa hatulii. Akisema maneno mawili anageuka kutazama skrini. Maneno mawili tena, anageuka.

"Dada, mbona unampa mumeo mgongo?" nikamtania.

"Namtafuta huyu mwanamke, Baba Doris. Kila nikimgeukia, naye ananipa kisogo."

Nilidhani ni mzaha, nikaenda kusimama pale pake. Ni kweli tupu. Ukitaka kujitazama kwenye skrini lazima uipe kamera mgongo, na ukiipa mgongo, mgongo ndio utakaouona. Ukirudi kuitazama kamera, uso wako unarudi ukutani, ila wewe huuoni tena. Ukumbi mzima unakuona isipokuwa wewe. Niligeuka na kugeuka mpaka kizunguzungu kikanishika, nikaomba tunywe chai.

Kwenye chai ndipo aliponieleza. Mama yake, Rukia, alivuka Ruvuma kwenda kumzika kaka yake Msumbiji, wakati kule kuna vita. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Hakuacha picha hata moja.

"Ninachokikumbuka ni kisogo chake na kanga ya manjano, anateremka kwenda mtoni," alisema. "Uso sina. Mama mkubwa Saida aliyenilea anasema mimi na mama hatufanani, ila nikilia. Nikilia ni Rukia mtupu, hata yeye huogopa."

"Basi lia mbele ya kioo," nikasema. Ushauri kwangu haujawahi kuwa haba.

"Nimejaribu tangu usichana wangu. Mbele ya kioo nacheka."

Hata kwenye mazoezi halii, anatoa sauti tu. Machozi yake huja watu wakijaa, pale mwishoni anapopiga magoti kunisihi nisiuze shamba aliloachiwa na mama yake. Hapo hulia kweli, na mimi huona aibu ya kweli, ingawa shamba lenyewe halipo. Aliwahi kumwomba mtu amrekodi kutoka kwenye viti. Likatokea doa jeusi linalotikisika. Simu ya Fredi nayo, Fredi alimwambia, ikirusha haihifadhi. Kwa hiyo aliposikia uso wake utakuzwa ukutani alifurahi kumshinda hata Mwalimu Lucy. Kumbe uso ni wa watu wote, na yeye fungu lake ni kisogo kilekile.

Nilimwongezea sukari, naye hakuwa ameomba.

Tuliporudi jukwaani, Mwalimu Lucy alimwita ghafla kutoka nyuma, karibu na skrini. Mwanakombo akageuka kwa kushtuka. Nikamsikia akipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka.

"Nimejiona! Baba Doris, nimejiona! Alichelewa kugeuka!"

Ilinichukua muda kuelewa, na bado sina hakika kama nimeelewa. Kwa vile picha ilikuwa nyuma yake kidogo, alipogeuka upesi aliukuta uso wake bado uko pale, unamtazama, mdomo wazi. Kisha nao ukageuka ukaenda zake. Alirudia tena na tena, akicheka, na kila mara akaupata kwa kufumba na kufumbua.

"Kesho ulete waya, Fredi," Mwalimu Lucy akasema. "Huu uchelewaji utatuaibisha."

Mwanakombo akaacha kucheka. "Mwalimu, uache uchelewe."

"Mdomo unasema na sauti imeshafika sokoni? Watu watatucheka, dada yangu."

Hakubishana. Nilipomuuliza mbona hakueleza, akanitazama kwa masikitiko. "Nimweleze nini? Kwamba namsubiri mama kwenye televisheni?"

Siku ya onyesho watu walijaa mpaka milangoni. Bi Saida aliketishwa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Waya ulikuwepo, mweusi, umetandazwa sakafuni toka kwenye simu hadi nyuma ya jukwaa. Skrini ikaonyesha miti inayopepewa na upepo, na kabla sijafungua mdomo mzee mmoja akapaza sauti, "Hiyo siyo mikorosho hiyo!" Watu wa Naliendele, ambao mikorosho ndiyo kazi yao, wakamuunga mkono. Ukumbi ukagawanyika: wengine wanasema ni miembe, wengine ni miti ya Ulaya. Mimi nikasimama katikati nikiuza shamba ambalo hakuna aliyejua limepandwa nini.

Uso wa Mwanakombo ulipotokea wakatulia. Sasa mdomo na sauti vilikwenda pamoja, na Mwalimu Lucy, pembeni, alitabasamu. Mwanakombo akageuka. Kisogo. Akageuka upesi zaidi, nusura aanguke. Kisogo. Nilimwona mabega yakishuka. Maneno aliyasema yote bila kukosea hata moja, lakini aliyasema kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika, na nikajua leo hatalia. Roho iliniuma. Skrini ilikuwa inaondoka asubuhi kwenda kwenye harusi ya watu Masasi.

Sehemu ya mwisho naingia nikiwa mlevi, kwa kupita katikati ya watazamaji. Nikaingia nikiyumba, nikitukana korosho na wakulima wake, watu wakicheka. Pale mbele nikajikwaa kwenye waya. Ulichomoka na kichwa chake kikapinda, skrini ikawa bluu tupu. Fredi akaja akitambaa, akautazama ule waya, akamtazama Mwalimu Lucy, akarudisha picha ya hewani, ile inayochelewa. Mpaka leo Mwalimu Lucy ananiuliza kama nilijikwaa kweli. Namjibu kuwa miguu yangu ni mikubwa, aulize kwetu Njombe.

Mwanakombo alikuwa ameona yote. Alipiga magoti taratibu, akaikabili kamera, akaanza kunisihi. Kwenye neno "mama" sauti ikakatika, na machozi yakaja, mengi kuliko nilivyowahi kuyaona. Pale juu uso mkubwa ukaanza kulia baada yake. Hakuna aliyecheka.

Kwenye kiti cha mbele Bi Saida alisimama, mkoba ukaanguka. "Jamani," alisema, "Rukia huyo!"

Mwanakombo akageuka.

Mimi nilikuwa upande wa kamera, nikawaona wote wawili. Mdogo amepiga magoti, shingo ameinua. Mkubwa bado yuko pale, mashavu yamelowa, anamtazama. Walitazamana. Kisha yule mkubwa naye akageuka, ikabaki nywele na ukingo wa kanga.

"Ngoja," Mwanakombo akasema.

Neno hilo halimo kwenye igizo. Sikujua kama ananiambia mimi, au zamu ni ya nani, au tuko ukurasa gani. Watu wote wananitazama, nikasema la kwanza lililonijia: "Mke wangu, shamba siuzi tena." Igizo zima linahusu shamba kuuzwa. Mwalimu Lucy alijifunika uso kwa karatasi zake, watu wakasimama wakipiga vigelegele, na hapo tukalazimika kumaliza.

Nje, Bi Saida alikuwa amemshika mkono Mwanakombo na hataki kuuachia. Nilisubiri, kisha nikauliza, kwa sababu mimi siwezi kukaa na swali.

"Ulimwona? Akoje?"

Mwanakombo alifuta pua kwa ncha ya kanga.

"Ana haraka vilevile," akasema. "Ila safari hii alinitazama kwanza."