Siagi ya Mzazi na Mkate wa Dukani

Wiki ya tatu baada ya kujifungua, nilianza kumwibia mama mkwe siagi. Hata leo sina hakika kama kuiba ndilo neno lenyewe, kwa sababu siagi hiyo aliitoa Nkoaranga akaileta Moshono kwa ajili yangu. Ng'ombe wake, kibuyu chake, mikono yake iliyotikisa maziwa wiki nzima kabla sijajifungua. Kwao Umeruni mzazi hunywa mtori wa ndizi na nyama uliotiwa siagi, asubuhi, mchana na jioni, ili maziwa yatoke na mtoto anenepe. Mimi nimekulia Morogoro. Nilidhani mtori ni wa siku mbili tatu.

"Kunywa, mwanangu," alikuwa akiniambia, kasimama mlangoni mpaka bakuli liishe. Nilikunywa. Kliniki walisema uzito wa mtoto haupandi vizuri, na mimi nilikuwa sijui kitu: sijui kumshika, sijui analilia nini, sijui kwa nini mimi mwenyewe nalia. Jambo moja tu nililielewa, kwamba yule mama asiondoke.

Sasa mtu anayeogopa hivyo anafanyaje upuuzi nilioufanya?

Kwenye simu nilimwona dada mmoja akiupamba mkate wa dukani kwa siagi ya kitunguu swaumu. Mate yakanijaa. Mama mkwe alikuwa nje anaanika nepi. Nikachota vijiko vitatu vya siagi ile ya manjano, nikatwangia vitunguu swaumu, nikatia giligilani na chumvi, nikakamulia limau, nikaipaka kwenye slesi za mkate ule mlaini usio na ladha yoyote, nikazigeuza kikaangoni. Nilikula nne nimesimama. Wanasema mficha uchi hazai; mimi nilikuwa nimeshazaa, ndipo nikaanza kuficha mkate.

Nikarudia kesho yake na keshokutwa. Siku ya nne aliingia nikiwa na slesi mdomoni. Alitazama kikaango, akafunua kopo la siagi, akaona limebaki tupu. Niliitafuta hasira usoni kwake nisiione, nikatafuta kicheko, nacho hakikuwepo.

"Kumbe," akasema, akarudi kwenye nepi zake.

Kumbe nini? Mchana mtori ulikuja bila siagi. Alinisimamia kama kawaida, akachukua bakuli, akaenda kuliosha. Jioni nikamwuliza mume wangu kama siagi ya mzazi kutiwa kitunguu swaumu ni mwiko kwao.

"Sijui bwana, hayo mambo ya wanawake," akasema. Nilitamani kumrushia kikaango.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha mama mkwe kilikuwa kimetandikwa na mkoba wake haupo. Mume wangu akasema amemsindikiza stendi, kaenda nyumbani, hakutaja anarudi lini. Siku zangu za uzazi zilikuwa hazijaisha, na mama mkwe hamwachi mzazi hivi hivi. Hata mimi wa kuja nililijua hilo. Nilikaa sakafuni nikalia, mtoto naye akadakia, ikawa haijulikani nani ambembeleze nani. Nikautupa mkate uliobaki. Baadaye nikautoa kwenye ndoo ya taka, ungali kwenye mfuko wake, nikaula mkavu. Sijui nilikuwa najiadhibu au nilikuwa na njaa.

Alirudi kesho yake saa sita mchana, viatu vimejaa tope la mlimani, kikapu kichwani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mtoto amenyonya?"

"Amenyonya."

Akatua kikapu mezani. Akatoa kopo kubwa la siagi, akaliweka kabatini pale pale lilipokuwa la kwanza. Kisha akatoa kopo la pili la siagi, dogo, na fungu la vitunguu swaumu vyenye udongo wa shambani kwake, na mkate wa dukani, ule ule ninaoununua mimi, umebonyea upande mmoja kwa safari. Sikuelewa kama nimesamehewa au nasutwa.

"Ile kubwa ni ya mtoto, kwako inapita tu," akasema. Akanisogezea lile kopo dogo. "Hii ni yako. Iharibu unavyotaka."