Nilikuwa kapita mkuu wa ghala lisilo na watu, Gisenyi

Wakuu, amani kwenu. Nadhani nawazidi wote umri humu, kwa hiyo marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimesoma mkibishana kuhusu kazi za "senior" ambazo mtu hana hata mmoja wa kumsimamia. Mnadhani ni mambo mapya. Nawasimulia yaliyonikuta, bila chumvi. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi kijana, nabeba magunia ya Mzungu mmoja mnunuzi wa maharage. Siku moja akaniita, akanipa kofia na cheo: kapita mkuu wa ghala la bondeni, kwenye mawe meusi ya volkano.

Kapita ndiye msimamizi wa vibarua, kwa vijana msiojua. Supervisor.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa namposa Zaituni, na baba yake, Mzee Saidi fundi cherehani, alishasema binti yake haolewi na mbeba magunia.

Basi nikafika ghalani. Hakuna kibarua hata mmoja. Vikombe vyao vya bati vilikuwa vimetundikwa ukutani, vimejaa vumbi. Nikamuuliza Mzungu, akasema walihama.

Sawa. Lakini ghala la maharage lisilo na panya mmeliona wapi?

Asubuhi nikifungua mlango nakuta shomoro sakafuni, wamekufa, hawana jeraha. Nikaleta paka, naye hakuiona kesho yake. Niliogopa sana, ila cheo kitamu wakuu. Nikakaa kwenye kiti changu kirefu, kofia kichwani, nasimamia vikombe.

Habari ikavuma mjini kwamba kapita hana watu. Mzee Saidi akaja kujionea, asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza.

"Watu yako iko wapi?"

"Walihama, Baba."

"Bon. Tuongee kwanza."

Kiti kilikuwa kimoja tu. Kwetu mkwe hakai chini wewe ukiwa juu, kwa hiyo nikampisha, nikakunja miguu sakafuni mbele yake. Tukaanza mambo ya posa.

Nikasikia joto usoni, kisha usingizi mtamu. Sauti yake ikawa inatoka mbali. Nilitaka kumjibu, mdomo ukakataa. Na jambo linalonitisha mpaka leo ni kwamba pale sikuogopa kabisa.

Mzee akaziba pua kwa kanzu, akanishika kwapani, akanivuta nje hadi juu ya mteremko. Nilipozinduka alikuwa analia.

"Ni mazuku," akasema. "Hewa mubaya, inatoka mu mawe, inalala chini. Mutu akikaa chini, anakufa."

Vibarua hula wamekaa chini, hulala chini. Kapita hupewa kiti.

Nikamwambia basi cheo kimekwisha, sina cha kumposea Zaituni. Akanivua kofia, akaitupa bondeni.

"Mubeba magunia nitamupa binti yangu. Kapita wa wafu, hapana."

Zaituni tulizeeka pamoja, Mungu amrehemu.

Funzo langu: ukipewa cheo kikubwa na chini yako hakuna mtu, uliza walikwenda wapi, na usiridhike na jibu la kwanza.

Kama humu yupo ambaye babu yake alikwenda Gisenyi kubeba maharage, na nyumbani wakaambiwa amehama, naomba aandike hapa. Ningependa kujua majina yao. Mimi ndiye niliyekuwa kapita wao.