Anayeita Nje ya Lupango

Kwetu kijijini Miti, wakati ningali mutoto, lupango ya baba, ni kusema kiwanja chote cha nyumba, ilizungushwa na uzio wa matete, na nyuma ya uzio ule, upande wa ndani, alikuwa anakaa shangazi yangu Cito. Alikuwa bubu. Masikio yake yalikuwa mazima, hata kupita yetu, lakini kinywa hakikutoa neno tangu azaliwe. Alikaa pale karibu na mwingilio akichambua maharagi. Kwa desturi yetu mugeni haingii tu kama mbuzi; anasimama nje, anapiga mikono, anaita. Shangazi akisikia, hakuweza kusema ni nani. Aligeuza mwili. Akisimama na kunyoosha mugongo, mama jikoni alijua ni muzee wa heshima, akaongeza maji mu sufuria. Akiinama na kushika tumbo, ni mutu mwenye njaa, watoto tukatafuta kiazi. Akifunika kichwa na kitenge, ni kilio. Mugeni angali nje, muguu wake haujagusa kiwanja chetu, na ndani nyumba yote imekwisha kubadilika.

Siku moja alifunika kichwa, na habari ilikuwa ya baba. Lakini si hiyo ninayotaka kuandika. Ninataka kuandika kazi, juu vijana wananiuliza namna gani tulikuwa tunaifanya.

Siku ya kwanza nilivaa koti la marehemu baba, mikono yake inanifika kwenye vidole, nikapanda kule juu ya mulima, mahali wanatunza wagonjwa wa kichwa hapa Bukavu. Aliyenipokea alikuwa jestionere, ndiye bwana wa funguo na sheria.

“Umesoma mpaka wapi?”

“Mwaka wa tatu wa primere, patron.”

“Inatosha kwa lango. Mwenye kusoma sana anaanza kuuliza.”

Akanipa filimbi na koti la mvua lililopasuka kwenye kwapa. Akasema lango hili linafunguka kwa karatasi, halifunguki kwa huruma. Ndivyo nilivyokuwa sentinele, mulinzi wa lango.

Nyuma ya wakati walinihamisha mu sale ya wanaume, chumba kikubwa cha kulala wagonjwa. Pale mukubwa wangu alikuwa titulere, mama mukubwa wa wauguzi wa sale, mufupi, sauti kama kengele ya misa. Yeye ndiye alinifundisha kazi yenyewe. Mugonjwa akichafuka kichwa, humushiki shingo, humushiki nguo. Unashika mabega, mwenzako anashika magoti, na wakati wote unaita jina lake polepole, juu mule ndani anasikia majina mengi na yako lazima liwe moja la kweli. Nimepigwa mingi. Jino hili la mbele halikutoka kwa uzee. Kuna waliokufa mikononi mwangu, na kuna mumoja aliyejinyonga na shuka niliyofua mimi mwenyewe. Vijana wanadhani kazi ile ni kupiga mop tu.

Docta mukubwa alikuwa mutu mwembamba, mwenye kupenda mahindi ya kuchoma. Alikuwa anaita familia kwenye baraza na kuwaelezea ugonjwa. Mimi nilisimama nyuma na ndoo yangu.

Alisema ubongo umejengwa na chembe nyingi kushinda majani ya mulima, na kila chembe iko na ukuta wake. Chembe moja ikitaka kuambia nyingine neno, inatupa kitu kidogo sana ambacho mwili wenyewe unatengeneza. Kimoja kinaitwa dopamini. “Dopamini haiingii,” akasema. “Inabaki nje. Inagusa resepta. Resepta ni protini, iliyokunjwa kama kamba, imepita mu ukuta toka nje mpaka ndani. Ikiguswa huku nje, inageuza mwili wake. Kule ndani kuna protini nyingine inangojea. Ikiona vile inaachia mahali yake na kwenda kuamsha ao kutuliza nyingine, na ile inaongeza ao kupunguza wajumbe, vitu vidogo vinavyotembeza neno mule ndani. Njo vile habari inatembea. Aliyeita hajaingia, na chembe yote imebadilisha kazi.”

Ndoo karibu inianguke. Docta akaniuliza kuna nini.

“Hapana kitu, docta. Nimekumbuka mutu.”

Kwenye benchi ya mbele alikuwa anakaa mama Mugisho, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mu soko ya Nyawera. Kijana wake Mugisho alikuwa muchimbaji wa zahabu kule Kamituga. Shimo liliporomoka, mwenzake akafia chini, na tangu siku ile mwenzake akawa anamuita: “Mugisho, shuka.” Walimuleta kwa pikipiki, amefungwa kamba katikati ya kaka zake wawili.

“Docta,” mama akauliza, “sasa nani anamuita mutoto wangu?”

“Hakuna mutu, mama. Hatujue yote, sitakudanganya. Lakini dopamini imezidi mahali fulani, na kitu kidogo kinasikika kikubwa. Kidonge hiki kinaenda kukaa kwenye resepta, mahali ya dopamini, na hakisemi neno. Mwenye kuita akifika, anakuta kiti kimekaliwa.”

“Kama bwana yangu na kiti ya nganda!” akasema mama mwingine, na baraza lote likacheka, hata docta. Nganda ni mahali pa pombe.

Akawaonya mambo mawili. La kwanza, kidonge hakichagui: kinakaa hata kwenye resepta za kutembea, ndiyo maana mugonjwa anakakamaa. La pili, chembe ikikaa na kimya wakati murefu, inatafuta kusikia, inaongeza resepta nyingine kwenye ukuta. “Basi musiache siku moja. Mukiacha siku moja, za zamani na za mupya zinasikia pamoja.”

Mugisho alikakamaa kweli. Wagonjwa wenzake wakamuita Mutu ya Mbao. Titulere akamupa kidonge cha pili, cha kulegeza mwili. Na ile sauti ikapungua. Mwanzo alisema iko karibu, nyuma akasema ni kama redio ya jirani, nyuma akaniambia, “Papa, leo jirani amelala.” Siku ile nilimuona akila chakula kizima, akalamba hata sahani.

Alirudi Nyawera kubeba mizigo. Kila alipokuja kuchukua vidonge aliniletea sambaza ndani ya karatasi. Wakati ule mugongo wangu ulikuwa umekwisha, walinirudisha langoni. “Papa Sentinele,” alikuwa ananiambia, “mi nilitoka, weye ungali ndani. Mugonjwa ni nani?”

Basi siku moja mama yake akapanda kwenye lango na kitenge kipya.

“Papa, siku ya Yenga ukuye ku maombi. Mugisho atatoa ushuhuda. Amepona! Ataleta madawa yote mbele ya watu.”

“Mama Mugisho, docta alisema si kuacha mara moja. Mupunguze kidogo kidogo, na yeye akijua.”

“Sasa kama amepona na angali anameza, ni ushuhuda gani? Watu watasema Mungu anasaidiwa na famasi.”

Akashuka anaimba.

Jumapili ile nilienda, mimi Mukatoliki, nikasimama nyuma karibu na mulango. Walileta beseni ya maji. Mugisho akamwaga vidonge, vikafanya maji meupe kama ya unga, na vigelegele vikapigwa mpaka bati likalia. Mama yake alicheza mpaka kiatu kikamutoka. Hakuna mutu aliyesema uongo mule ndani. Kijana alikuwa anasimama mbele yao, muzima, anacheka. Na hiyo njo inaniuma.

Sasa niko nyumbani. Siku ya retrete, mwisho wa kazi yangu, walinipa redio na picha moja tumesimama wote. Titulere ndani yake analia, jestionere anaangalia saa. Usiniulize juu ya pansioni, pesa za uzeeni, nitajaza karatasi. Vijana wanaofanya kazi ile leo ninawaambia: shika mabega, ita jina. Na ningependa, mbele ya kufa, kusikia ushuhuda mumoja tu wa mutu anasimama na kusema: nimepona, na vidonge viko mu mufuko yangu. Mungu hangekasirika, ninadhani. Yeye ndiye alitengeneza ukuta ule na resepta zake.

Lakini sijamaliza juu ya Mugisho.

Nyuma ya ushuhuda ule, mvua zilikuwa zimeanza. Jestionere alikuwa ameweka sheria mupya: mugonjwa haingii bila garde-malade, ni kusema mutu wa familia wa kulala naye na kumupikia, juu familia zilikuwa zinatupa watu wao kwetu na kuhama nyumba. Siku moja muchana, Mugisho akafika peke yake, miguu tupu, matope mpaka magoti. Alikuja kwa akili yake mwenyewe. Hiyo muisikie vizuri.

“Papa, fungua.”

“Mama iko wapi?”

“Iko ku maombi. Bananiita, papa. Sasa si mwenzangu wa shimo peke yake. Beko wengi.”

“Kaa ku jiwe hili. Unisikie mimi. Weye ni nani?”

“Niko Mugisho.”

“Mugisho, usitoke hapa.”

“Fanya mbio, papa. Beko karibu kushinda weye.”

Nikapanda kwa jestionere. Akauliza garde-malade. Nikasema hana. “Basi arudi naye. Sheria ni sheria.” Nikamupita, nikaenda mu sale, titulere akaniona uso, akafungua mulango wa docta bila kupiga hodi. Docta akasimama, hindi lingali mukononi.

“Mwingize! Mwingize mara moja!”

Nikashuka na mugongo wangu huu, docta nyuma yangu. Lango tukalifungua lote, mabawa yote mawili. Jiwe lilikuwa tupu, na limelowa.

Alikuwa chini kwenye muteremuko, anatembea, hakimbii.

“Mugisho! Iko wazi! Kuya!”

Akasimama. Akainamisha kichwa upande, kama mutu anayesikiliza mwenye kusema naye sikioni, lakini upande ule mimi sikuwa. Akainua mukono, sijue kuniaga ao kuninyamazisha. Akageuka kwenye njia ya Kamituga, kule kwenye shimo, akatembea ndani ya mvua, na hakurudi.